Mama hawezi tena kuoga mwenyewe, ni uzee tu au kuna kitu?

Mama_Zuu:
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Mama yangu ana miaka 76, yuko kijijini, msimu uliopita alikuwa bado analima mwenyewe kabisa, sasa hivi kuoga mpaka asaidiwe, kuinuka kwenye kigoda mpaka ashike ukuta, na choo kiko nje njia ina mawe kwa hiyo usiku haendi, ikifika saa kumi jioni anaacha kunywa maji ili asibanwe. Ndugu wote wanasema ni uzee mwacheni apumzike. Mdogo wangu anayekaa naye anamfanyia kila kitu, hata nguo anamvalisha. Mi moyo unakataa. Tuanzie wapi?

fizio_kijana:
Pole sana dada, na moyo wako uko sahihi. Kazi yangu ni fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) na hii kauli ya "ni uzee" naisikia kila siku, inaumiza kwa kweli, maana uzee peke yake haumtoi mtu shambani ukamfikisha kuvalishwa nguo ndani ya msimu mmoja. Muulizeni ilianza lini. Kama amebadilika ghafla ndani ya siku chache, hapo msisubiri, apelekwe hospitali, inaweza kuwa kiharusi, maambukizi au hata dawa mpya aliyoanzishwa. Kama ni taratibu basi angalieni magoti, macho (mtoto wa jicho anatibika kwa upasuaji), presha, sukari.

Halafu msiseme tu "hajiwezi", semeni nini hasa kimemshinda. Kuna kipimo cha Katz cha mwaka 1963, kinauliza mambo 6: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kuzuia haja na kula mwenyewe. Kuoga mara nyingi ndo kunatangulia kuondoka, kula kunabaki mwisho. Kwa hiyo mama yako hajafika mbali, mengi bado yanaokoleka. Ila kijijini mi huwa naongeza maswali yangu, kuchota maji anaweza? njia ya mteremko je? Mtu anaweza akajibu vizuri yote 6 na bado akawa amefungiwa nyumbani na njia mbovu.

Bibi Nesi:
Mwanangu, hilo la maji ndo limenishtua. Mzee asipokunywa maji anapata kizunguzungu, choo kigumu, mkojo unamsumbua, mwisho anaanguka, na akivunjika nyonga ndo habari nyingine. Wekeni chombo cha haja chenye mfuniko karibu na kitanda, na taa anayoifikia bila kuinuka. Njia ya choo ondoeni mawe, simikeni nguzo mfunge mti wa kushikilia mpaka mlangoni. Fundi seremala awachongee kiti chenye tundu kikae juu ya shimo, urefu akikaa nyayo zote zikanyage chini na magoti yasipande juu ya nyonga, na pembeni kiwe na mikono ya kusukumia maana hapo ndo anapatia nguvu ya kuinuka.

fizio_kijana:
Asante bibi. Na mdogo wako mwambieni kwa upole, najua anafanya kwa mapenzi na amechoka, lakini kumvalisha kunammaliza mama. Kuna utafiti wazee wazima wa afya walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Amkalishe kwenye kiti, ampe nguo, asubiri, hata ikichukua nusu saa. Mkono wenye shida unaingia kwanza. Kila siku ainuke na kukaa kwenye kiti imara mara chache, mtu awe karibu, akizoea muongeze taratibu.

Mama_Zuu:
Nimesoma nikalia jamani. Nimempigia mdogo wangu, kumbe goti la kulia limevimba muda tu, mama alimkataza asiseme asitusumbue. Wiki hii anaenda hospitali. Swali la mwisho, fimbo ashike mkono gani?

Bibi Nesi:
Wa kushoto, upande wa mguu mzima. Akisimama wima mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Chini mfunge mpira isiteleze.