Mjadala: Viyoyozi vya halmashauri apewe mzabuni au tuajiri fundi wetu?

Mleta hoja, Mtwara Mikindani
Kuna pendekezo kwamba viyoyozi vyote vya ofisi, vituo vya afya na maabara apewe mzabuni mmoja kwa mkataba wa mwaka. Naliunga mkono. Halmashauri haina pampu ya vakyumu, haina geji za gesi za viyoyozi vya kisasa (R410A na R32), haina mzani wa gesi wala mtungi wa naitrojeni. Fundi wa kuajiriwa bila hivyo ataishia kuosha filta.

Fundi, Shangani
Ndugu yangu, vifaa vinanunuliwa mara moja vikadumu miaka. Ninachopinga ni namna mkataba unavyolipa. Ukilipa kwa kila "kujaza gesi", utajaziwa kila robo mwaka. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Mfumo umefungwa, ikipungua, inavuja. Huku pwani inavujia kwenye fleya (maungio ya bomba ya kukaza kwa nati) zilizokazwa vibaya au kwenye kondensa, yaani koili ya nje, iliyoliwa na chumvi.

Kazi halali ni hii: gesi iliyobaki inakusanywa kwenye mtungi, unapiga naitrojeni, unapaka povu la sabuni kwenye maungio, unaziba. Kisha unavuta vakyumu, yaani kutoa hewa na unyevu, hadi chini ya maikroni 500 (kipimo cha presha iliyobaki) na kufunga vali kuona kama presha inapanda. Ndipo gesi inaingia kwa mzani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. R410A ni mchanganyiko, lazima iingie ikiwa kimiminika. Anayeongeza kwa kukisia, anaangalia tu bomba likitoka jasho, anakula fedha za wananchi.

Ofisa manunuzi, Lindi
Sawa fundi, lakini fundi mmoja akiugua au akihamishwa? Dawa nyingi hazitakiwi kuzidi nyuzi 30, na stoo haitasubiri. Zabuni ikipandishwa NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, iandikwe bei moja kwa kila kiyoyozi kwa robo mwaka, gesi ikiwa humo humo. Hapo uvujaji unakuwa hasara ya mzabuni.

Fundi, Shangani
Atachukua hela asiguse mashine. Dai vipimo: ampea (kiasi cha umeme) za kompresa, na tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia na inayotoka, nyuzi 8 hadi 12. Kapasita, kile kifaa cha kusaidia kompresa kuwaka na kuzunguka, ya maikrofaradi 35 ikisoma 30, ibadilishwe kabla kompresa haijaungua.

Mwalimu wa ufundi, Mtwara
Vijana wangu, gaweni kazi. Filta kila wiki mbili, mfereji wa maji na kuosha kondensa vibaki kwa mtu wa halmashauri. Ila maji yawe ya bomba; visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, mtaongeza kutu juu ya kutu. Umeme ukikatika na kurudi, kifaa cha kulinda kicheleweshe kuwaka dakika 3 hadi 5, presha ishuke kwanza.

Na mashine za gesi ya zamani ya R22 zisiingizwe kwenye mkataba wa kujazwa. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zimepunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 tangu 2025, na 2030 ndiyo mwisho, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo. Zipangieni bajeti ya kubadilishwa.

Mleta hoja, Mtwara Mikindani
Shikamoo mwalimu. Nakubali mgawanyo, ila nani atamkagua mzabuni kama ofisini hakuna anayejua kusoma geji?

Mwalimu wa ufundi, Mtwara
Marahaba. Huyo huyo wa filta. Apewe klampu mita ya kupima ampea na kipimajoto, na hati ya malipo isipite bila sahihi yake.

Ofisa manunuzi, Lindi
Akiwa hana cheo cha fundi sanifu, mhasibu ataikataa sahihi hiyo. Anzeni na ajira yake, zabuni ifuate.