Mtaa wa Mikindani ndani ya boksi la viatu: kuta zinapinda, nifanyeje?

binti_shangani, Mtwara
Habari zenu wadau. Natengeneza mandhari ndogo ya mtaa wa zamani wa Mikindani, mji mkongwe wa pwani huku kwetu Mtwara, ndani ya boksi la viatu, kwa mabaki matupu: katoni, trei za mayai, chupa za maji, chelewa. Kipimo ni 1:50, yaani sentimita 1 ni sentimita 50 za kweli. Nikipaka tope la trei (trei za mayai zilizolowekwa na kupondwa) juu ya katoni, ukuta unapinda, na baadaye unaota ukungu. Mabati ya katoni iliyobanduliwa nayo yanaonekana makubwa mno. Halafu bahari ya mbele, naipataje bila kununua rezini, ile plastiki ya maji inayoganda ikang'aa?

fundi_mabaki
Dada, ukuta unapinda kwa sababu umelowa upande mmoja tu. Tope likikauka linasinyaa na kuivuta katoni upande wake.

Kata vipande vitatu vya katoni ya milimita 3, toboa madirisha mapema, kisha vigandishe pamoja, mawimbi ya ndani ya katoni yapishane: wima, mlalo, wima. Weka tofali juu yake usiku mzima. Unapata milimita 9, yaani sentimita 45 za ukuta halisi. Usione ni nene sana. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta nene, na kile kina cha dirisha ndicho kinachomfanya mtu aseme "hii Mikindani". Katoni moja, hata uipake rangi nzuri vipi, itabaki kibanda.

Kabla ya tope, paka pande zote mbili gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, gundi kipimo 1 kwa maji 2, iache ikauke. Mgongoni bandika gazeti ili mvuto ulingane.

Tope lenyewe: trei 1 ya mayai 30, ichane, loweka usiku, iponde, ikamue kwa kitambaa mpaka isidondoshe maji, ndipo utie gundi ya mbao vijiko 4 vya chakula. Maji yakibaki mengi utapata nyufa. Paka isizidi milimita 2, kausha kivulini penye upepo. Jua kali hukausha ngozi ya juu huku ndani kumelowa, na hapo ndipo ukuta unapopasuka.

Ukungu: kama umetumia uji wa ngano badala ya gundi, acha. Ni chakula cha ukungu na mende, na kwa unyevu wa huku wakati wa mvua hauponi. Malizia na vanishi.

Mabati: bati halisi la mawimbi, kutoka wimbi hadi wimbi ni kama milimita 76. Kwa 1:50 ni milimita 1.5. Wimbi la katoni lina milimita 6 hadi 8, linafaa kipimo cha 1:12. Chukua foili ya vyombo vya chakula, ilaze juu ya ndala kuukuu, kisha bingirisha bolti ya spana 17 yenye uzi mpaka juu. Kwa kawaida, kutoka uzi hadi uzi ni milimita 1.5 kamili. Kandamiza sawasawa, usirudie njia ileile mara nyingi, foili itachanika.

mpwa_wa_ndoro, Lindi
Naunga mkono yote isipokuwa vanishi. Ya mafuta hugeuka njano, na ukuta wa chokaa utaonekana umefuka moshi. Tafuta rangi ya maji ya nje ya nyumba iliyobaki kopo la mtu, paka mikono miwili myembamba.

Chelewa zako ni boriti tayari. Unene wa milimita 1 hadi 2 ni sentimita 5 hadi 10 za mti wa mkoko. Paa la makuti lifanye kwa nyuzi za makumbi zilizokatwa milimita 15, uanzie chini kwenda juu, kila safu ifunike nusu ya iliyotangulia. Ukianzia juu, ncha zote zitabaki wazi.

Bahari: kata ubavu wa chupa ya maji, upitishe juu ya mshumaa kwa umbali wa sentimita 10 hivi, ukiusogeza muda wote, mahali penye hewa. Plastiki hujikunja yenyewe ikawa mawimbi. Ukisimama sehemu moja inatoboka. Ndipo upake rangi *chini* yake: kijani hafifu karibu na ufuko, buluu mbali. Ukipaka juu, unapoteza mng'ao wote. Usimwage gundi nyingi ukitegemea itakuwa maji, kwani ikiwa nene haikauki ikang'aa, hubaki na weupe.

Mchanga wa ufukweni uoshe kwa maji baridi mara kadhaa. Chumvi huvuta unyevu na kubandua rangi. Ngalawa ya mita 5 iwe sentimita 10, na usisahau matengo, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke.

binti_shangani
Asanteni sana! Na maganda ya korosho yanafaa kuwa mawe ya ufukweni? Yamejaa hapa.

fundi_mabaki
Hapana dada, hayo usiyaguse. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, hata likiwa limekaangwa bado yamo, na yatatoka polepole yapenye kwenye rangi yako. Tumia vipande vya vifuu vya nazi vilivyopondwa kwa nyundo, au vibonge vya tope lilelile la trei. Tope linafaa zaidi, kwa sababu vinyweleo vyake vinafanana na jiwe la matumbawe, nawe huhitaji kung'oa tumbawe lolote baharini.