Binti anataka weupe wa kwenye skrini, naomba ushauri

Wadau, hasa wenye mabinti, nisaidieni. Wangu yuko gredi ya nane, tunaishi Kayole, Nairobi. Jioni ni telenovela: mwanamke mwema ni mweupe, mwembamba, analia akingoja kuokolewa, mwenye pesa zake na kauli ndiye mbaya wa hadithi. Asubuhi kwenye matatu ni video za muziki, mwanamume kavaa suti kamili, wasichana nusu uchi wanamzunguka, hata mmoja haimbi mstari.

Juzi nimemkuta na krimu ya kung'arisha uso, haina hata lebo. "Mama, wasomaji habari wote wako hivyo." Si kweli, lakini ndivyo anavyoona.

Nikamwonyesha mwigizaji wetu Mkenya Lupita Nyong'o, aliyeshinda tuzo ya filamu ya Oscar mwaka 2014. Mwaka huohuo alisimulia kwamba akiwa mdogo alimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe zaidi, na kwamba kumwona mwanamitindo Alek Wek kulimbadilisha. Binti akauliza mbona kwenye runinga yetu hawako wengi kama hao.

Dada yangu anasema nimchape, hilo sifanyi. Kuzima runinga nako hakusaidii, simu za marafiki ziko. Mnaongeaje nao bila kuhubiri? Na hiyo krimu, niitupe tu au nianzie kwa daktari wa ngozi?