Nimefuta kabisa faili za wateja, sasa diski C inasema imejaa. Nafasi imeenda wapi?

dada_wa_steshenari

Wakuu habari za humu. Nasimamia steshenari jirani na chuo hapa Mbeya, kazi zetu mnazijua, kuprinti, kutoa kopi, kuskani vyeti, kuwajazia watu maombi ya mkopo na ya ajira. Kwa hiyo kwenye kompyuta moja unakuta vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, picha za pasipoti, mikataba ya nyumba mpaka majibu ya hospitali, vyote vya watu ambao wengine hata siwafahamu.

Zamani nilikuwa nafuta kawaida halafu namwaga Recycle Bin, nikijua yameisha. Juzijuzi kuna kijana alikuja anatafuta ripoti yake ya fildi iliyofutika, rafiki yake akaendesha Recuva, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, pale pale, ripoti ikapatikana kweli ila pamoja nayo yakashuka majina ya faili za watu wengine kibao, cheti cha fulani, NIDA ya fulani, na nyingi zinafunguka vizuri tu. Sikupenda kabisa. Mtu amekuamini na karatasi zake halafu kesho zipo mikononi mwa mwingine.

Nikasoma nikaona kuna komandi ya cipher /w:C:\ inapitia nafasi iliyo wazi na kufuta mabaki. Nikaiachia usiku, diski ni ya kuzunguka GB 500 (Windows inaionyesha 465), wakati huo GB 190 zilikuwa wazi. Ikiwa katikati umeme ukakatika. Asubuhi nawasha, C ina mstari mwekundu, zimebaki MB 300 na kitu. Printa inagoma, kazi zinaingia kwenye foleni hazitoki, Word haisevu. Disk Cleanup imepata GB 2 tu. Nimechagua folda zote za C nikaangalia ukubwa, jumla haifiki hata 275, sasa hizo nyingine karibu 190 ziko wapi? Naogopa kupiga Windows upya maana kuna kazi za watu hazijachukuliwa.

fundi_wa_Mza

Dada pole, tulia kwanza, diski haijafa na nafasi haijapotea, imeshikwa tu.

Cipher haigusi faili zako zilizopo. Inachofanya ni kuandika juu ya nafasi iliyo wazi, kule mabaki ya ulivyofuta yalikolala, na ili iguse kila pembe inabidi iijaze nafasi yote. Inatengeneza folda inaitwa EFSTMPWP pale mwanzoni mwa C, inamwaga humo faili za .tmp zenye sifuri tupu mpaka diski inagota, kisha inaandika 0xFF (yaani moja tupu), kisha namba za kubahatisha. Ikimaliza inaifuta hiyo folda yenyewe na nafasi inarudi. Wewe umeme umekatika kabla haijafika kwenye kusafisha, kwa hiyo mizigo yake imebaki pale pale. Na huioni kwa sababu kawaida folda hiyo inakuwa imefichwa, ukichagua folda zote kwa mausi yenyewe haimo kwenye hesabu.

Fanya hivi. Funga programu zote. Bonyeza Start, andika cmd, bonyeza kulia uifungue kama administrator, usitumie PowerShell kwa sababu komandi zinatofautiana kidogo. Andika dir /a C:\ uone orodha yote pamoja na vilivyofichwa. Ukiiona EFSTMPWP, andika

rd /s /q C:\EFSTMPWP

na uliandike hilo jina kwa makini sana, hii komandi haiulizi una uhakika na haipitii Recycle Bin, ukikosea folda umeumia. Ikikataa kwa kusema huna ruhusa, tanguliza takeown /f C:\EFSTMPWP /r /d y halafu rudia.

Kama folda hiyo haipo, pakua WizTree, programu ya kuonyesha nini kimekula nafasi, kwenye flashi, iendeshe kama administrator, inasoma jedwali la faili la NTFS (mfumo ambao Windows inapangia faili kwenye diski) moja kwa moja ndo maana ndani ya sekunde chache inakuonyesha kilicho kikubwa hata kama kimefichwa. Programu nyingine za kufuta zinaweka mizigo yake kwa majina mengine lakini sura ni ileile, faili moja au chache kubwa zisizo na maana, za tarehe ya usiku ule. Ukiona hata WizTree jumla haiendani na C, hapo endesha chkdsk C: /f, itaomba uwashe upya, kuzimika ghafla wakati mwingine kunaacha klasta (vipande vidogo vya diski) zinazohesabika kama zimetumika wakati hazina faili.

dada_wa_steshenari

Mungu akubariki kaka. Ilikuwepo kama ulivyosema, dir imeonyesha, takeown nimehitaji, na sasa C ina GB 187. Printa ilibidi niizime niiwashe na foleni ikatoka yote, nina wateja hapa wanachukua vitu vyao.

Sasa swali lingine maana jambo langu la msingi bado. Kabla ya hii ya cipher nilikuwa nimejaribu programu ya Eraser kwenye folda ya skani za mwaka juzi, GB 35 hivi, ikaandika juu ya kila faili na kuifuta. Nilitegemea nafasi iongezeke kwa 35, haikuongezeka karibu chochote. Nikajua labda ni mimi nimeangalia vibaya, ila sasa nimerudi kwenye hesabu naona kweli kuna kama GB 40 bado hazieleweki hata baada ya kuitoa ile folda. WizTree inaziweka kwenye folda ya System Volume Information tu, haionyeshi ni za faili gani. Na bosi ameambiwa na mtu kwamba lazima kufuta kupite mara 35 ndo kuwe salama, hiyo si itachukua wiki?

chimbo_la_data

Dada hilo la pili ndo lenye uzito kuliko la kwanza, soma hadi mwisho tafadhali.

Kwenye Windows kuna kitu kinaitwa nakala za kivuli, ndo System Restore, ile huduma ya kuirudisha Windows ilivyokuwa, inazotegemea. Siku Windows inapoweka pointi ya kurudi, haiikopi diski yote, inasema tu kuanzia leo, kila kipande cha diski kinachotaka kuandikwa juu, kwanza nitunze kile cha zamani pembeni. Sasa wewe ukija na Eraser ukaandika juu ya skani ya cheti cha mtu, Windows inafanya kazi yake kwa uaminifu, inachukua kile cheti kama kilivyokuwa na kukihifadhi kwenye System Volume Information kabla hujakifuta. Yaani umeandika juu ya GB 35 na nakala ya zile zile 35 imeenda kukaa kwenye ghala la vivuli. Nafasi haijaongezeka, na karatasi za watu bado zipo kwenye mashine, mtu mwenye programu inayofungua vivuli anazitoa.

Hakikisha mwenyewe, kwenye cmd ile ile ya administrator andika vssadmin list shadowstorage na uangalie mstari wa Used.

Kama ndo hivyo, kwanza weka bakapu ya kazi ambazo hazijachukuliwa, maana ukifuta vivuli huna tena pa kurudi Windows ikiharibika. Halafu vssadmin delete shadows /for=C: /all. Antivairasi inaweza kupiga kelele hapo, usishtuke, vairasi wa kudai fidia nao wanatumia komandi hiyo hiyo kumnyima mtu njia ya kurudisha faili zake, kwa hiyo antivairasi nyingi zinaishuku. Baada ya hapo zile sehemu zilizokuwa zimeshikwa na vivuli zinakuwa nafasi wazi zenye mabaki, kwa hiyo cipher inabidi irudiwe, safari hii kompyuta ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), au tumia laptopu yenye betri nzima. Mpangilio ni huo, vivuli kwanza, nafasi wazi baadaye. Ukigeuza umefanya kazi bure.

Kuhusu mara 35, mwambie bosi apumzike. Namba hiyo imetoka kwenye andiko la Peter Gutmann la 1996, aliorodhesha mitindo ya kuandika juu kwa ajili ya aina mbalimbali za diski za wakati huo, na yeye mwenyewe baadaye akaandika kwamba kuzipitisha zote 35 kwenye diski moja hakuna maana. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, namba 800-88, toleo la 2014, unasema kwa diski za sumaku kupita mara moja tu kwa sifuri kwa kawaida kunatosha. Cipher tayari inapita mara tatu.

dada_wa_steshenari

Nimeangalia, Used inasema GB 38. Yaani muda wote huu vyeti vya watu vilikuwa vimetunzwa na mimi najiona nimesafisha. Naweka bakapu jioni hii nikishafunga, halafu nafuata huo mpangilio.

saiba_kongowea

Mimi niko Mombasa, nina saiba, shida yako naijua sana, hapa ni PIN za KRA (kodi), fomu za HELB (mikopo ya wanafunzi), vitambulisho, kila mtu anadaunilodi kisha anaenda zake anaiacha hapo. Waliojibu wamesema kweli, lakini mimi ningekushauri uache kupigana na C yote kila mara, utaichosha diski na wewe mwenyewe utachoka.

Kata kipande kidogo cha diski kiwe D, GB 50 yatosha, na kazi zote za wateja ziwekwe huko na huko tu. Skana ielekeze isevu D, brauza isevu D, WhatsApp ya kompyuta isevu D. Zima ulinzi wa mfumo kwenye D ili vivuli visitengenezwe huko. Jioni unafuta, wikendi unapitisha cipher /w:D:\ peke yake, yaisha haraka, na hata stima zikipotea katikati kinachojaa ni D, C iko sawa na printa yaendelea na kazi.

Kisha angalia zile kona ambazo watu wazisahau. Printa, nenda kwenye mipangilio yake ya juu, kuna kisanduku cha kuhifadhi nyaraka zilizokwisha kuprintiwa, kikiwa na tiki basi kila kitu ulichoprinti kimo ndani ya C kwenye folda ya spool. Kitoe. Programu ya skana nayo mara nyingi yajiwekea kopi yake ndani ya Pictures ama Documents hata kama wewe umesevu kwengine. Na Word ina faili zake za kujiokoa.

Hapa kwetu kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na kwenu iko ya 2022, kwa hivyo si ustaarabu tu, mwenye duka ana wajibu.

mtu_wa_ubuntu

Naongeza kidogo kwa wanaotumia Linux, huku dalili ni hiyo hiyo ila sababu nyingine. Ukifuta faili wakati kuna programu bado imeishika, jina linaondoka lakini nafasi hairudi mpaka programu ifungwe, lsof +L1 itakuonyesha ni nani kaishika. Na kama ulijaza nafasi kwa komandi ya dd ikakatika, lile faili la sifuri liko pale ulipoliweka, lifute tu. Halafu ext4, mfumo wa faili wa Linux, kwa kawaida inatenga asilimia 5 kwa ajili ya root (msimamizi wa mfumo), hiyo usiitafute, sio mabaki.

dada_wa_steshenari

Asanteni sana. Saiba_kongowea hilo la printa nimelikuta, tiki ilikuwepo kwenye printa kubwa, folda ya spool ina vitu vya tangu mwaka jana. Nimeitoa. Swali la mwisho, bosi anataka kununua SSD, diski isiyozunguka, tuweke mashine hii, hizi taratibu zinabaki vile vile?

chimbo_la_data

Hapana, na ni vizuri umeuliza kabla. Kwenye SSD ukiandika juu ya faili, chipu inayoisimamia inaweka data mpya kwenye seli nyingine na ile ya zamani inabaki mpaka yenyewe iamue kuifuta, kwa hiyo kupitisha cipher kila wiki unamaliza tu uhai wa seli bila uhakika. Kwa SSD hakikisha TRIM (Windows kuijulisha SSD ni data gani imefutwa) imewashwa, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, ikijibu 0 ipo. Kisha washa BitLocker, ulinzi wa Windows wa kuifungia diski kwa siri, kabla hujaweka faili hata moja ya mteja, kama Windows yako ni Home na haina basi tengeneza kontena ya VeraCrypt (programu ya bure ya kazi hiyo hiyo) ya GB 50 na iwe ndiyo D yako. Hapo hata mashine ikiibiwa au ikiuzwa, kinachobaki kwenye seli bila nenosiri hakisomeki.

Na ile diski ya zamani mkishaitoa msimpe mtu wala msiiuze kabla haijafutwa yote. Ichomeke kwenye mashine nyingine kama diski ya pili, ifomati kwa format E: /p:1 (hakikisha herufi ni yake kweli), hiyo p inaandika sifuri kwenye kila sekta na baada ya hapo inapita mara moja zaidi kwa namba za kubahatisha. GB 500 itakula saa kadhaa, iache kwenye UPS.