Mbwa wangu kanyonyoka manyoya masikioni, nimchome sindano kiasi gani?

Mama wa Pasua: Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, Pasua. Mbwa wangu Simba ananyonyoka kwenye kingo za masikio na viwiko, anajikuna usiku kucha mpaka damu. Nimeshanunua aivamektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu, ile ya ng'ombe, duka la dawa za mifugo. Naomba tu kujua kipimo.

Mzee wa Kiboriloni: Zamani mbwa alilala migombani, hajui daktari, na alikuwa mzima. Mpe nyama, acha kumlisha ugali mtupu.

Kijana wa Sakina: Pole dada. Wangu niliambiwa ni fangasi, nikapaka krimu miezi miwili, kumbe ni utitiri. Alikufa mikononi mwangu. Usichelewe kama mimi.

Tabibu Mifugo: Usichome. Dawa hiyo imepimwa kwa ng'ombe, mili 1 kwa kilo 50. Kwa mbwa mdogo ukikosea kidogo tu umemzidishia, na mbwa wenye damu ya Collie, aina ya mbwa wa kizungu, inaweza kuwaua. Sugua ncha ya sikio lake kwa kidole: mguu wa nyuma ukianza kupiga kama anajikuna, nahisi upele wa utitiri. Ila akwanguliwe ngozi. Umempaka nini? Kuna mtu anajikuna nyumbani?

Mama wa Pasua: Mguu unapiga kweli! Oili chafu nimempaka mara mbili tu, marehemu baba alikuwa anapaka na mbwa wanapona.

Tabibu Mifugo: Anailamba, inamdhuru, na ngozi inaungua. Mwogeshe kwa sabuni leo. Hujajibu la pili.

Mama wa Pasua: Mwanangu wa miaka minne ana vipele mikononi. Na duara kichwani, nywele zimekatika. Nilidhani ni joto.

Mkazi wa Majengo: Chai hii. Mbwa analala nje, mtoto kaambukizwaje? Picha iko wapi?

Mama wa Pasua: Kaka, mbwa analala barazani kwenye kiroba. Mchana mtoto anajilaza naye hapo hapo, shavu kwenye mgongo wake. Ningetunga ili nipate nini?

Tabibu Mifugo: Mwacheni. Dada, utitiri wa mbwa humwasha mtu lakini hauzaliani kwake. Mbwa akitibiwa, unaisha. Lile duara linaweza kuwa mapunye, yaani fangasi ya kichwani. Hayo hayaponi kwa krimu, yanataka dawa ya kunywa. Kesho mtoto hospitali, Simba kwa daktari, apimwe na fangasi pia.

Mama wa Pasua: MREJESHO. Daktari alikwangua ukingo wa sikio kwa wembe, akaweka tone la mafuta, akaniita kwenye hadubini. Nimewaona, wa duara, wanatembea. Simba kachomwa sindano na daktari mwenyewe, arudi baada ya siku 14. Manyoya mengine yamepelekwa maabara kuona kama yataota fangasi, majibu bado. Mtoto kaanza dawa ya mapunye. Kiroba nimekichoma. Ila paka wa jirani naye hulala pale. Apimwe?

Tabibu Mifugo: Apimwe. Paka hubeba fangasi hiyo bila kuonyesha doa hata moja.

Mama wa Pasua: Naenda kwa jirani sasa hivi.