Binti yangu anampenda simba wa kitabuni kuliko Yesu. Nifanyeje?

Mama_Ipagala: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nipo Dodoma. Binti yangu wa miaka 9 kaletewa na mjomba wake kile kitabu cha C. S. Lewis cha simba, mchawi na kabati. Juzi tunasali usiku, kaangua kilio: "Mama, nampenda Aslan kuliko Yesu, Mungu atanikasirikia." Nilikosa la kumjibu. Mama mkwe, mzaliwa wa Singida, aliposikia simba na mchawi wamo kitabu kimoja, akataka kikawashie mkaa. Nimekificha kabatini (ndiyo, kabatini). Nikichome?

Zabibu_Kavu: Usichome, dada. Mwaka 1955 mama mmoja wa Marekani alimwandikia Lewis shida hiyohiyo, na mwanawe alikuwa na miaka 9 vilevile. Lewis akamjibu kwamba yanayomfanya mtoto ampende Aslan ni yale aliyoyasema na kuyatenda Yesu, kwa hiyo anayempenda ni Yesu mwenyewe. Mwambie binti hivyo hivyo.

Babu_wa_Mvumi: Siafiki. Petro wa kwanza 5:8, ibilisi ndiye simba angurumaye.

Zabibu_Kavu: Shikamoo babu. Na Ufunuo 5:5 je? Simba wa kabila la Yuda ni nani?

Babu_wa_Mvumi: Marahaba. Hapo umenibana. Ila mchawi?

Mwl_Iramba: Mchawi humo hasifiwi. Kaifunga nchi kwenye baridi isiyoisha, kamnasa kijana Edmund kwa peremende hadi akawasaliti ndugu zake. Kwa sheria ya kale, damu ya msaliti ni haki ya mchawi. Simba anajitoa auawe badala ya Edmund usiku, juu ya meza ya mawe. Alfajiri meza inapasuka vipande viwili, naye yu hai. Sasa kumbuka pazia la hekalu lilivyopasuka Yesu alipokufa.

Ila bibi msimcheke. Miaka ya 1940 Singida watu waliuawa, ikasemwa ni simba-watu, yaani watu waliovaa ngozi za simba. Aliyelelewa na habari hizo, simba anayeongea kwake si mchezo. Msomee kwa Kiswahili, polepole, na mtoto awepo.

Kijana_wa_Area_D: Miaka 9 anasoma kitabu kizima cha Kiingereza? Shule gani hiyo jamani, nimpeleke wangu.

Mama_Ipagala: Mrejesho. Jana umeme ulikatika, nikawasimulia wote wawili kwa mwanga wa simu. Bibi alikuwa kanuna mpaka pale wasichana wawili wanapokesha wakiulilia mwili wa simba, halafu ndio wanakuwa wa kwanza kumwona akiwa hai. Akanikatiza: "Hao si akina Mariamu?" Binti akaruka, "Ndiyo bibi!" Kulia kwenyewe kumekwisha. Ila leo asubuhi nafungua kabati, kitabu hakipo. Kipo chumbani kwa bibi, na binti anatafsiri kuanzia ukurasa wa kwanza.