Kuitangaza programu huria bila bajeti

Swali: Ndugu wanajumuiya, programu yetu huria, yaani ya kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, inatengenezwa na watu wa kujitolea pekee, tuitangazeje kwa umma ilhali hatuna fedha wala ofisi ya uhusiano?

Jibu: Tazameni mfano wa Firefox, programu huria ya kuvinjari mtandao. Toleo la 1.0 lilipotoka Novemba 2004, wapenzi wake walichanga fedha, na mwezi uliofuata tangazo la kurasa mbili likachapishwa katika gazeti la New York Times, likiwa na majina ya maelfu ya waliochangia. Kwa maoni yangu, majina hayo yalishawishi kuliko sifa zozote za programu.

Jibu: Ni kweli, ila programu ile ilikwisha kuwa tayari kwa watu wa kawaida. Ndugu muulizaji, anzeni na maelezo ya usakinishaji yanayoeleweka, kisha mteueni mmoja wenu wa kuwajibu waandishi wa habari.